Kupima kimo cha pistoni kwa vifaa vya kujitengenezea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa mafundi wenzangu, wengi wao vijana wa gereji za chini ya mwembe ambao wana spana nzuri na mikono mizuri lakini hawana geji. Mifano mingi ni ya injini za Toyota 2L na 3L, kwa sababu ndizo zilizobeba Hiace na Hilux zetu miaka nenda miaka rudi, na bado ziko barabarani. Injini yako ikiwa nyingine, njia ni zile zile. Namba tu ndizo uzitafute kwenye kitabu chake.

Kimo cha pistoni ni nini hasa? Kila fundi ananiambia lake.

Kuna vipimo viwili, na vyote huitwa kimo. Cha kwanza ni cha pistoni ikiwa ndani ya injini: ikifika juu kabisa, pale tunapoita topu, uso wake umechomoza juu ya bloku, umelingana nayo, au umezama kiasi gani? Cha pili ni cha pistoni yenyewe ikiwa mkononi: kutoka katikati ya tundu la pini hadi usoni. Cha kwanza ndicho kinachoamua unene wa gasketi ya hedi, ile inayokaa kati ya bloku na hedi. Cha pili kinakusaidia kujua kama pistoni mpya uliyouziwa ni ya injini yako. Hapa chini nikisema kimo bila maelezo, namaanisha cha kwanza.

Kwa nini nihangaike kupima? Si naenda dukani na gasketi ya zamani wanipe kama hiyo?

Kama injini haijawahi kufunguliwa tangu kiwandani, na bloku haijapelekwa mashineni, na pistoni na konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) ni zile zile, kufuata alama ya gasketi ya zamani kunakubalika. Lakini niambie, ni lini mara ya mwisho umefungua 3L ambayo hakuna mtu aliyekutangulia?

Kwa 2L na 3L, Toyota walitoa gasketi za unene wa aina tatu, kila moja na herufi yake. Pistoni ikichomoza milimita 0.68 hadi 0.77 unafunga B, yenye unene wa 1.40 hadi 1.50. Ikichomoza 0.78 hadi 0.87 unafunga D, ya 1.50 hadi 1.60. Ikichomoza 0.88 hadi 0.97 unafunga F, ya 1.60 hadi 1.70. Chukua unene wa kati wa kila gasketi, toa mchomozo wa kati wa pistoni yake, utaona jibu ni lile lile kwa zote tatu: milimita 0.72 hivi. Uwazi huo kati ya pistoni na hedi ndio kiwanda kinaoutaka. Herufi ni njia ya kuufikia tu.

Nilipokuwa bado msaidizi, gereji niliyojifunzia ilifunga 3L ya Hiace ya abiria kwa gasketi ya B, kwa kuwa ndiyo iliyopatikana siku ile na mwenye gari alikuwa amesimama mlangoni. Siku ya tatu gari lilirudi likigonga. Mlio mkavu, kama nyundo ndogo juu ya fuawe, unapanda ukikanyaga mafuta. Tulipoinua hedi, juu ya pistoni ya tatu palikuwa na alama inayong'aa, nyembamba kama mwezi mwandamo, na kwenye hedi alama pacha yake. Bloku ilikuwa imewahi kusagwa mashineni na fundi mwingine, na hakuna aliyeuliza. Pistoni ile ilichomoza 0.94. Kwa gasketi ya 1.45 ulibaki uwazi wa nusu milimita tu. Ukiongeza pistoni inavyotanuka kwa joto, ulegevu wa beringi na masizi kidogo, nusu milimita inaisha.

Kukosea upande wa pili hakugongi, lakini kunaumiza polepole. Silinda ya 3L ina kipenyo cha milimita 96, kwa hiyo kila milimita 0.1 ya uwazi ni sentimita za ujazo 0.7 zilizoongezeka kwenye chumba ambacho chote hakizidi 33. Gasketi nene kupita kiasi kwa 0.2 inashusha mgandamizo kutoka 22.2 kwa 1 hadi karibu 21.3 kwa 1. Dar es Salaam huenda usihisi kitu. Njombe saa kumi na moja alfajiri utahisi: stata inazunguka, moshi mweupe unatoka, injini haishiki.

Nihitaji nini kwa uchache kabisa?

Rula ya chuma iliyonyooka, fila geji (majani membamba ya chuma, kila moja limeandikwa unene wake), washa mbili za unene mmoja, kipande cha kioo cha dirisha cha milimita 5 au 6, na msasa laini. Kioo nenda kwa fundi wa madirisha, vipande vinavyobaki anavitupa. Kioo cha kiwandani kimenyooka kuliko chuma chochote utakachokipata mtaani, na ndicho kitakuwa sifuri yako.

Rula uijaribu kwanza. Isimamishe kwa ukingo juu ya kioo, weka tochi ya simu nyuma yake, tazama kama mwanga unapenya chini. Igeuze mwisho kwa mwisho, tazama tena. Ukiona mstari wa mwanga katikati au pembeni, rula hiyo ni ya kuchorea, si ya kupimia.

Njia rahisi ni ipi?

Ninaipenda njia ya washa mbili. Pistoni ikiwa imechomoza, rula haiwezi kulala juu ya bloku, inalalia pistoni na kuyumba. Basi inue rula kwa kiasi unachokijua.

Chagua washa mbili zinazolingana. Washa za M8 nyingi zina unene wa karibu milimita 1.6, lakini za mtaani hazifanani, kwa hiyo chukua kumi, zipime kwa kalipa ya venia (azima kama huna), uchague pacha. Zisugue upande mmoja kwa msasa uliolazwa juu ya kioo hadi kingo kali zitoke. Ziweke juu ya bloku, moja kila upande wa silinda, mbali na matundu ya maji na ya boliti. Laza rula kwa ukingo juu yake ipite juu ya pistoni. Sasa ingiza fila geji kati ya rula na pistoni mpaka upate jani linalopita kwa kukwaruza kidogo bila kuinua rula.

Mchomozo ni unene wa washa ukitoa fila. Mfano: washa 1.60, mbele ya pistoni fila imeingia 0.77, nyuma imeingia 0.73. Mbele imechomoza 0.83, nyuma 0.87. Wastani ni 0.85. Pistoni hiyo inataka D.

Pistoni ikiwa imezama, kama zilivyo injini nyingi za petroli, kazi ni fupi zaidi: rula moja kwa moja juu ya bloku, fila chini yake, umemaliza.

Sina hata fila geji.

Wembe wa kawaida wa pande mbili una unene wa karibu milimita 0.1. Upunguze makali kwenye jiwe la kunolea kabla ya kuushika, nakuomba, damu kwenye bloku haisaidii kitu. Karatasi ya kawaida ya fotokopi, ya gramu 80, nayo ni karibu 0.1. Hakikisha mwenyewe: rimu nzima ya karatasi 500 ina kimo cha sentimita 5 hivi. Ila karatasi inabonyea, wembe haubonyei, kwa hiyo nauamini wembe zaidi.

Tatizo ni kwamba gredi za gasketi zenyewe zinatofautiana kwa 0.1. Kwa wembe utajua kama pistoni iko 0.7 au 0.9, hutajua kama iko 0.86 au 0.89. Tumia nyembe kugundua makosa makubwa. Kuchagulia gasketi, tafuta fila au jitengenezee kifaa kinachofuata.

Hicho kifaa cha boliti ninachokisikia kinatengenezwaje?

Hiki nitakieleza kwa kirefu maana ndicho kilichonitoa kwenye kubahatisha. Boliti ya M6 ya kawaida, ile ya spana namba 10, inasogea milimita 1 kamili kwa kila mzunguko. Nusu mzunguko ni nusu milimita. Ukigawa mzunguko mara 50, kila mgawo ni milimita 0.02. Umepata maikromita.

Kata flati bari ya inchi moja kwa robo inchi, urefu wa sentimita 16. Toboa katikati, chomelea nati ndefu ya M6, au nati mbili zilizofungwa pamoja kwenye boliti wakati wa kuchomelea ili meno yasipishane. Chomelea kwanza, nyoosha baadaye, kwa sababu moto unapinda bari. Ncha mbili za bari zibandikie miguu: washa za M10 kwa gundi ya chuma ya mchanganyiko wa mirija miwili. Miguu ni lazima, bila hiyo bari itagota kwenye pistoni iliyochomoza.

Gundi ikikauka usiku kucha, laza msasa namba 400 juu ya kioo, tia mafuta kidogo, usugue miguu yote miwili kwa pamoja kwa mwendo wa namba nane. Paka wino wa kalamu ya alama kwenye miguu kabla ya kuanza. Wino ukiisha wote kwa pamoja, miguu iko kwenye usawa mmoja. Nilipotengeneza cha kwanza nilichoka na kuacha wino kidogo kwenye kona ya mguu mmoja, nikasema haidhuru. Kilikuwa kinayumba kwa unywele tu, na unywele huo ukanipa majibu tofauti kwa wiki nzima hadi nilipokirudisha kwenye msasa.

Ncha ya boliti isage iwe ya mviringo, kama ncha ya kalamu ya risasi iliyotumika. Kichwani bandika CD ya zamani, katikati yake kabisa. Kata ukanda wa karatasi unaozunguka ukingo wa CD mara moja bila kupishana, takriban milimita 377. Uulaze mezani, ugawe mara kumi, kila mgawo ugawe mara tano, halafu uubandike ukingoni. Simamisha msumari mwembamba au waya kwenye bari uwe mshale. Kati ya kichwa cha boliti na bari weka springi ya wastani, ivute boliti upande mmoja muda wote ili ulegevu wa meno usikudanganye.

Kinasomwaje?

Weka kifaa juu ya kioo safi. Chini ya ncha ya boliti pitisha kipande chembamba cha karatasi ya risiti. Funga boliti polepole huku unavuta karatasi kwa mkono wa pili, mpaka ianze kukwama bila kuchanika. Soma mshale uko mstari gani, andika. Hiyo ndiyo sifuri.

Fungua boliti karibu mzunguko mmoja na robo, hamishia kifaa juu ya silinda, karatasi ile ile chini ya ncha, funga mpaka ikwame vile vile. Idadi ya mistari iliyobaki kabla ya kufika sifuri, ukizidisha kwa 0.02, ndiyo mchomozo. Mistari 42 ni 0.84. Unene wa karatasi haukuhusu kwa kuwa ulikuwepo mara zote mbili. Ukipitiliza, usirudi nyuma kidogo na kusoma hapo hapo. Fungua robo mzunguko, uje upya kwa kufunga. Mguso usomwe daima kutoka upande mmoja.

Kabla ya kukiamini, kipime. Weka jani la fila la 0.50 juu ya kioo chini ya ncha, soma. Weka la 1.00, soma. Kikikupa 0.50 na 1.00 kwa kukosea mstari mmoja tu, una kifaa cha kuaminika. Kisipokupa, angalia kama CD imekaa katikati, kisha badilisha boliti, kuna boliti ambazo meno yake hayakukatwa sawa.

Nina geji ya saa lakini haina kisimamio chake.

Tumia bari ile ile. Toboa tundu linaloingia shingo ya geji, pasua upande mmoja kwa msumeno, ubane kwa boliti ndogo. Iweke kwenye sifuri juu ya kioo, kisha ipeleke kwenye pistoni. Hapo umewafikia wenye vifaa vya dukani.

Kalipa ya venia ina ule ulimi wa kupimia kina. Hautoshi?

Kitako chake ni chembamba, ukiinamisha kidogo tu inakudanganya kwa zaidi ya gredi moja ya gasketi. Ukitaka kuutumia, laza bari nene iliyonyooka juu ya bloku kwa kuinuliwa na washa, pima kutoka juu ya bari hadi kwenye pistoni, halafu jumlisha unene wa bari na washa, utoe kipimo hicho. Bado mimi nachagua rula na fila.

Nipime sehemu gani ya pistoni?

Pistoni inacheza. Ishike juu kwa vidole viwili uisukume kushoto na kulia kwa injini, utaiona inainama, kwa sababu inabembea juu ya pini yake kama pembea. Ukipima upande wa kushoto au wa kulia, unapima kubembea. Pini inalala sambamba na kranki, kutoka mbele ya injini kwenda nyuma. Basi pima juu ya mstari huo wa pini: nukta moja upande wa mbele, nukta moja upande wa nyuma, karibu na ukingo, na uchukue wastani.

Namba zikitofautiana sana kati ya mbele na nyuma, rudia usafi kwanza. Zikiendelea, kagua konrodi, huenda imepinda kwa ubavu.

Nitajuaje kwamba imefika topu kweli?

Kwa kimo, huhitaji alama ya puli. Zungusha kranki kwa spana kwenye nati ya puli, kidogo mbele, kidogo nyuma, na uchukue namba ya juu kuliko zote. Karibu na topu pistoni inasogea kidogo mno: kwenye 3L, nyuzi 1 kabla ya topu imeshuka karibu milimita 0.01 tu, na nyuzi 5 kabla, karibu robo milimita. Ukikosea nyuzi moja hakuna dhara. Ukikosea tano umebadilisha gasketi.

Uvivu huo huo wa pistoni ndio unaofanya kutafuta topu ya taimingi kwa kutazama pistoni tu kuwe kosa. Kwa taimingi weka kizuizi: bari iliyofungwa juu ya silinda na boliti inayoizuia pistoni kabla haijafika juu. Zungusha mbele mpaka igote, weka alama kwenye puli. Zungusha nyuma mpaka igote, weka alama ya pili. Topu iko katikati kabisa ya alama mbili.

Pistoni nne zimenipa namba nne. Nifuate ipi?

Ile iliyochomoza zaidi. Kama tatu ziko 0.81 na moja iko 0.89, unafunga F. Usifuate wastani wa injini nzima, maana hedi haigongwi na wastani.

Moja iko chini sana kuliko wenzake. Ni kawaida?

Tofauti ya sehemu chache za mia za milimita ni kawaida. Kuanzia nusu milimita na kuendelea, swali la kwanza ninalomuuliza mwenye gari ni: liliwahi kupita kwenye maji? Maji yakiingia kwenye silinda hayagandamiziki kama hewa. Kitu kinachokubali kushindwa ni konrodi, inapinda na kuwa fupi. Gari linaweza kukaushwa, likawaka, likatembea miezi, na mwenyewe anajua tu kwamba injini inatetemeka tangu masika.

Nimekutana na moja iliyozimika kwenye maji ya Jangwani, injini ya petroli ya 1NZ. Hatukufungua hedi kwanza. Tulitoa plagi zote nne, tukachukua fimbo ya kuchomelea iliyong'olewa ganda lake na kunyooshwa, tukaifunga utepe juu kama alama. Kwenye 1NZ tundu la plagi liko juu ya silinda na fimbo inashuka moja kwa moja. Tuliishusha ikakaa juu ya pistoni, tukazungusha kranki kwa mkono hadi fimbo ikaacha kupanda, tukachora mstari usawa wa mfuniko. Silinda tatu mstari uliangukia pale pale. Ya pili, mstari ulikuwa juu zaidi kwenye fimbo kwa milimita mbili, maana yake pistoni haikufika walipofika wenzake. Tulipoitoa konrodi na kuilaza kando ya nyingine, macho tu yalitosha.

Njia hii ni ya kulinganisha silinda kwa silinda, haichagui gasketi. Na usiguse stata fimbo ikiwa ndani. Tundu likiwa limelala upande, acha kabisa, fimbo itakwama. Kwa dizeli kama 3L haifai, kwa sababu tundu la nozeli linaishia kwenye chumba cha pembeni, halioni pistoni.

Kwenye bodaboda nafanyaje?

Kwenye pikipiki hatari kubwa ni gasketi ya chini ya silinda. Wengi wetu tunaikata wenyewe, wengine hata kwenye boksi la biskuti, na hakuna anayeuliza unene wake. Ikiwa nyembamba pistoni inapanda, ikiwa nene inashuka, na kwenye injini ya viharusi viwili hata matundu ya kuingizia na kutolea moshi yanabadilika wakati wake.

Pima kwa risasi ya kuchomelea waya za umeme, ile laini. Kata vipande viwili, vibandike kwa grisi juu ya pistoni kwenye mstari wa pini, vikifika karibu na ukuta wa silinda. Funga silinda na hedi kwa gasketi zake, boliti zikazwe kwa nguvu yake ya kawaida, zungusha kwa mkono kupita topu mara moja, fungua. Risasi imebonyezwa, pima unene wake kwa kalipa. Hapo hupimi kimo tu, unapima uwazi halisi ukiwa na gasketi ndani, na hiyo ndiyo namba unayoitaka mwishoni. Waya uwe mnene kidogo kuliko uwazi unaoutarajia, vinginevyo utatoka kama ulivyoingia. Osha mikono kabla ya kula, risasi ni sumu.

Wazee wa mashine za kusaga walikuwa wakifanya hivi kwenye injini za Lister zamani sana, kwa waya wa risasi, kisha wanaongeza au kupunguza shimu (vipande vyembamba vya chuma) chini ya silinda. Hakuna jipya hapa.

Na vali? Zinaweza kugonga hata kama uwazi ni mzuri?

Zinaweza, hasa hedi ikiwa imesagwa. Bandika udongo wa kuchezea watoto juu ya pistoni, mafuta kidogo kwenye vali usinate, funga hedi na taimingi yake, zungusha mizunguko miwili kamili kwa mkono, fungua, kata udongo kwa wembe, pima sehemu nyembamba kuliko zote. Ukihisi kitu kigumu wakati wa kuzungusha, simama hapo hapo.

Nimenunua pistoni mpya. Nitajuaje kimo chake kabla ya kufunga?

Ichomeke pini kwenye pistoni ya zamani na kwenye mpya. Zigeuze zote mbili, uso chini, juu ya kioo kimoja. Laza rula juu ya pini zote mbili. Ikilala bila mwanga chini, vimo vinalingana. Ikiinama, ingiza fila upande wa chini upate tofauti. Masizi ya ile ya zamani uyakwangue kwanza. Kazi ya dakika tano, na ni mara mbili sasa imenirudisha dukani kabla ya kupoteza gasketi.

Kila nikipima napata namba tofauti.

Karibu mara zote ni uchafu. Mabaki ya gasketi ya zamani yana unene wa zaidi ya gredi nzima. Pitisha jiwe la kunolea lenye mafuta juu ya bloku, polepole, hasa kuzunguka matundu ya boliti ambako chuma huinuka kama mdomo. Usitumie diski ya grainda, inachimba. Pistoni nayo ikwanguliwe masizi pale unapopima. Kama injini ina slivu za maji (mabomba ya silinda yanayotoka, yaliyozungukwa na maji), kama zile dizeli za silinda moja za S195, miguu ya kifaa isimame kwenye bloku, isikanyage mdomo wa slivu, na slivu ibanwe kwa boliti na washa pana kabla ya kuzungusha kranki, isije ikapanda na pistoni.

Baada ya usafi, pima mara tatu, ukiinua kifaa na kukirudisha kila mara. Namba tatu zikikaa ndani ya 0.02, andika ya kati. Na jibu likiangukia mpakani, tuseme 0.87 au 0.88, hapo beba bloku au azima geji ya saa ya duka la mashine, upime mbele yao. Sijawahi kukataliwa nilipoomba dakika kumi za geji.